Mzunguko Mmoja na Nusu

Mutu akija kwangu na kusema kamyo yake imekosa nguvu, swali langu la kwanza ni hili: ilikuwa nazo lini? Wengi wanakasirika, wanafikiri nawachezea. Lakini mimi ni fundi wa pampu za mazutu hapa Bujumbura, mazutu ndiyo dizeli, kazi yangu ni injini hizo usiku na mchana, na nimechoka na watu wanaotaka injini ya miaka thelathini ipande mlima kama iliyoshuka juzi kwenye meli. Injini ni kama magoti. Ukizeeka unapanda polepole, basi, shida iko wapi? Nawaambia hivyo kwa ukali, hata wateja ambao hawajanikosea lolote. Mke wangu anasema nitabaki bila mteja hata mmoja. Sawa, nibaki.

Zamani sikuwa hivi. Zamani mashoferi wa bandarini waliniita daktari wa mlima, na mimi nilipenda kuitwa hivyo, nilipenda kupita kiasi. Ukinipa kamyo iliyochoka nakurudishia inayonguruma. Karakana yangu iko Zone Industrielle, ni kontena moja na ua wenye mafuta machafu, na wakati ule magari yalikuwa yanapanga mstari mpaka nje ya geti. Nilitembea kati yao na bisibisi mfukoni kama padri anayekwenda kubariki. Ukinikumbusha siku zile naona haya.

Baba yangu alikuwa shoferi wa lori. Kamyo ilikuwa yake mwenyewe, aliinunua ikiwa tayari kuukuu, kisha wakazeeka pamoja. Alipakia saruji bandarini, mifuko inayoshushwa kwenye meli za ziwani, akaipeleka Gitega. Anayeijua njia hiyo hahitaji kuelezwa. Asiyeijua ajue hivi: ukiacha mji tu barabara inaanza kupanda, na inapanda mpaka Bugarama bila kukupa nafasi ya kupumua. Chini hapa unatoka jasho, kule juu unavaa koti. Kamyo ya Baba ilipanda mlima ule kwa gia ya pili, asubuhi nzima, kwa sauti moja tu, na watu wa vilimani walijua saa kwa kuisikia.

Shida ilianza tajiri wa saruji alipoleta karani mpya pale bandarini. Karani huyo alitangaza kwamba kila gari lina zamu yake ya kupakia, na gari litakalokwenda Gitega likashindwa kurudi kesho yake, likichelewa mara tatu, zamu yake inapewa mwingine. Baba alikuwa amekwisha chelewa mara mbili. Alikuwa na miaka sitini na nane, hana shamba, hana pensheni, ana ile zamu tu. Na kamyo isiyo na zamu tunajua sote inaishia wapi. Inapelekwa kwa wakata vyuma wa Jabe, inakatwa vipande, inakuwa mbabula za kupikia.

Alikuja karakana Jumatatu asubuhi. Akavua kofia yake mlangoni pa kontena, kama mteja, na hilo liliniuma, maana ni baba yangu, na mlango ule alinisaidia kuuchomelea yeye mwenyewe. Akakaa juu ya tairi. Akaniambia, "Mwanangu, mi sitaki ikimbie. Nataka tu isinifukuzishe kazi."

Sasa niwaeleze habari ya watu wa nyuma, maana bila wao hadithi hii haina maana.

Kila alfajiri wanaume wa milimani wanateremka mjini na baiskeli, kinga tunavyosema, zimebeba ndizi, makaa, mikungu mpaka huoni anayeendesha. Wanauza. Kurudi juu ni kazi nyingine. Hakuna mwenye mapafu ya kupanda mlima ule kwa kukanyaga pedali, basi wanasubiri kamyo pale mlima unapoanza, wanashika bodi ya nyuma kwa mkono mmoja, mkono mwingine uko kwenye usukani wa kinga, na kamyo inawavuta mpaka juu. Imekatazwa, kila mtu anajua imekatazwa, na kila siku utawaona. Mashoferi wengine wanawachukia, wanayumbisha gari makusudi ili waachie. Baba alikuwa na desturi yake. Akifika chini ya mlima anapunguza mwendo, anapiga honi mara mbili, anatazama kioo mpaka wote wameshika, ndipo anaondoka. Nao walikuwa na malipo yao: gari likizimika mlimani, wanaruka chini na kusukuma mawe nyuma ya magurudumu lisirudi kinyumenyume.

Mmoja wao alikuwa wa Baba kabisa. Mwanaume wa makamo, mwembamba, ana kofia ya sufu nyekundu hata jua likiwaka. Alishika kona ya kushoto siku zote, ili Baba amwone kwenye kioo cha upande wake, maana kwetu tunaendesha kulia na usukani uko kushoto. Miaka mingi walionana kwa kioo tu. Wakifika Bugarama, yule mtu anapita kando ya dirisha, anainua mkono, wakati mwingine anatupa parachichi ndani, anakwenda zake. Siku moja ya mvua breki za hewa zilivuja kwenye kona mbaya na kamyo ikaanza kurudi nyuma na tani za saruji. Baba anasema hakuwa amefika hata kushika breki ya mkono alipohisi gari limesimama. Kofia nyekundu alikuwa amekwisha ruka na kusukumia jiwe. Tangu siku hiyo Baba alipomtaja alisema, "Yule ndiye breki yangu."

Basi nikaanza kazi. Na ninaomba mtu asinielewe vibaya, mwanzo nilifanya kazi nzuri. Filta ya hewa ilikuwa imejaa vumbi la saruji mpaka imekuwa tofali, nikaweka nyingine. Mpira wa turbo ulikuwa na ufa ambao ungepitisha kidole, hewa yote inakimbilia nje, nikaubadilisha. Nikafungua injekteri, zile sindano zinazopulizia mazutu ndani ya silinda, nikakuta mbili zinakojoa badala ya kupuliza. Nikazitengeneza. Nikapima valvu. Siku mbili na nusu za kazi safi, na kamyo ikapata nguvu zake za zamani, zile halali. Ningeishia hapo. Nimejiambia maneno hayo mara nyingi mpaka yamepoteza ladha: ningeishia hapo.

Lakini pampu ina skrubu moja, visi tunavyosema, ya kuongeza mazutu. Kiwandani wanaifunga kwa waya mwembamba wenye kidonge cha risasi, ili watu kama mimi tusiiguse. Ukiizungusha, mazutu inaingia nyingi, nguvu zinaongezeka palepale. Hasara yake ni joto na moshi. Nilimwonyesha Baba skrubu ile, nikamweleza yote, maana wakati ule bado nilikuwa mkweli. Akainama, akaitazama kwa muda mrefu. Akasema, "Nusu muzunguko. Usizidishe. Kuna watu nyuma yangu."

Nikasema ndiyo.

Sasa kuna jambo ambalo fundi yeyote wa mji huu anapaswa kulijua kuliko jina la mama yake. Mzee aliyenifundisha kazi, Mkongomani wa Uvira, mkali, alinipiga kwa spana mgongoni siku niliyolisahau. Alisema pampu tunaipima hapa chini, kando ya ziwa, ambako hewa ni nzito. Lakini inafanya kazi kule juu, ambako hewa ni nyepesi. Mazutu inayoungua vizuri Bujumbura haipati hewa ya kutosha Bugarama, inatoka mbichi, nyeusi. Kwa hiyo ukishapata kipimo kizuri hapa, rudisha nyuma kidogo kabla gari halijaondoka, kwa ajili ya mlima. Mafundi wa nchi tambarare hawahitaji kujua hilo. Sisi tunahitaji. Na kila mwaka kuna mpumbavu anayefurahia gari lake kwenye barabara ya bandarini na kusahau kwamba halitaishi pale.

Nilikata waya. Nikazungusha nusu, nikaenda kuijaribu barabara ya bandarini na mzigo kidogo. Ilikwenda vizuri. Vizuri tu. Mashoferi wawili waliokuwa wanasubiri kwenye ua wakatabasamu, mmoja akasema kumbe daktari naye amezeeka. Utani wa kawaida, maneno ya watu wanaokaa kwenye kivuli bila kazi. Mimi yakaniingia. Nikarudi chini ya boneti, nikaongeza nusu nyingine. Kisha nusu ya tatu. Nilipoijaribu tena ilivuta mpaka kabini ikatikisika, na moshi ulitoka kidogo tu, kijivu, haumtishi mtu. Wale wawili wakapiga makofi. Sikurudisha nyuma hata kidogo. Sikusahau, ndilo linaloniudhi, laiti ningesahau. Nilijua, nikasema mzee wangu wa Uvira alikuwa mwoga.

Baba alinishukuru. Sikumwambia.

Wiki ya kwanza ilikuwa sikukuu nyumbani. Alikwenda Gitega na kurudi kesho yake mchana, mara tatu mfululizo.  Baba alikula vizuri, akamtania mama kwamba sasa ataoa wa pili maana ana nguvu mpya, mama akamwambia aanze kulipa mahari ya wa kwanza. Ilikuwa miaka sijamsikia akicheka hivyo. Nilikaa pale nikila na kujisifu moyoni.

Wiki ya pili akaniambia kuhusu moshi. Hakuja kulalamika, alisema tu wakati wa chakula kwamba watu wa nyuma wanamcheka, wakifika juu wana nyuso nyeusi kama wamelala kwenye makaa yao. Wengine wameanza kusubiri kamyo nyingine. Kofia nyekundu bado anakuja. Akaniuliza kama naweza kuipunguza kidogo. Nikamjibu kwamba injini inazoea injekteri zilizotengenezwa, moshi utakwisha wenyewe. Ulikuwa uongo mtupu, na ulitoka kinywani laini kabisa. Kuipunguza ilikuwa kazi ya robo saa. Lakini angesimama pale anaona, angehesabu mizunguko, angejua.

Alhamisi ya wiki hiyohiyo, kabla ya saa tano, simu yangu ikalia. Ilikuwa sauti ya Baba, anasema njoo, mara mbili, njoo, kisha akakata.

Nilichukua pikipiki ya jirani. Njiani nikakutana na matawi ya miti yaliyotupwa katikati ya barabara, vile tunavyofanya kuonya wenzetu kwamba mbele kuna ajali, na moyo ukaniambia kabla ya macho. Kamyo ilikuwa imesimama ukingoni, mawe yamewekwa nyuma ya magurudumu. Baba amekaa chini karibu na gurudumu la mbele. Kinga ilikuwa kando ya barabara, imekunjika. Sikuona mtu, walikwisha mkimbiza hospitali kwa pikapu. Niliona kofia tu, juu ya nyasi, na mtu mmoja akaiokota na kuikung'uta kama vile mwenyewe angeihitaji sasa hivi.

Walioona walitueleza. Kwenye kona ya juu Baba alikanyaga mafuta ili asizimike, na kamyo ikatoa moshi mzito mweusi, ukafunika barabara nzima. Waliokuwa wameshika upande wa kulia wakaachia, wakaangukia majani, wakatoka na michubuko. Kofia nyekundu alibaki. Nyuma kulikuwa na gari dogo lililotaka kupita, shoferi wake hakuona kitu, akapita ndani ya moshi upande wa kushoto. Likamkuta pale.

Polisi walikuja, wakaandika, wakasema mwenye kinga ndiye mwenye kosa kwa kuning'inia, jambo lililokatazwa. Yakaisha hivyo. Yule wa gari dogo akaapa kwamba hakuona kitu, akaachwa aende. Hakuna aliyefungua boneti. Nilisimama pale nikiomba wasiifungue, na hawakuifungua.

Ndipo Baba akanitazama, akaniuliza, "Ni moshi?"

Nikasema, "Ni mazutu, Baba. Hii mazutu ya bidoni ni chafu."

Siku zile vituo vya mafuta vilikuwa vikavu. Mazutu nyingi ilikuwa inavushwa kutoka upande wa Kongo kwa bidoni, madumu ya plastiki, na wauzaji waliichanganya na chochote walichopata. Kila mtu aliilaani, basi haikuwa vigumu kuisingizia. Baba alikuwa amenunua bidoni tatu Jumatano, na moshi wa asubuhi ile ulizidi wa siku zote. Akainamisha kichwa. Akasema polepole kwamba alijua haifai, harufu yake ilimwambia, akanunua vilevile kwa kuogopa kupoteza zamu. Nikamwona analichukua lile kosa na kulibeba, na mimi nikamwacha alibebe. Yebaba we! Mtu gani mimi.

Yule mtu alikatwa mguu wa kushoto, chini ya goti. Waswahili wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Niliufahamu msemo huo tangu utotoni na niliuamini. Kumbe guu linalovunjika si lazima liwe la yule asiyesikia.

Baba akaanza kwenda kumwona kila Jumapili baada ya misa, kwanza hospitalini, baadaye nyumbani kwake juu ya Bugarama. Alipeleka unga, sabuni, sukari ikipatikana. Alirudi jioni. Na akaapa, mbele ya mama na mbele yangu, kwamba bidoni haitaingia tena kwenye tangi yake. Mazutu ya bidoni imemkata mutu muguu, alisema, mi siinunui tena mpaka nife.

Basi akawa mtu wa foleni. Meli zinashusha saruji, wenzake wanapakia kwa mazutu ya bidoni na kuondoka, yeye amepanga mstari kwenye kituo anasubiri mazutu safi ambayo haijafika. Siku mbili. Mara nyingine siku tatu. Anakaa kwenye kabini na rozari. Nilimpitia mara kadhaa nikampa chakula kupitia dirishani, naye akaniuliza kama injini imetulia sasa, kama moshi umepungua. Ulikuwa umepungua kweli, maana nilikuja siku moja hayupo nikarudisha robo kwa wizi, kama mwizi kwenye gari la baba yangu. Robo tu. Niliogopa nikirudisha zaidi atahisi gari limelegea na kuuliza. Tazama akili za mtu anayeficha.

Ningeweza kusema neno moja na angenunua bidoni kesho yake, angepakia, angepanda mlima. Neno moja. Kila nikiliweka kinywani lilikuwa kubwa kuliko jana. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Mimi yangu ilikuwa ndefu, miezi mitano, na kila hatua aliilipia mwingine.

Zamu ilikwenda mwezi wa sita. Alikwama kwenye foleni ya kituo cha Gitega, akachelewa kurudi mara ya tatu, na karani akampa mtu mwingine. Habari nililetewa na shoferi mmoja, yule yule aliyesema daktari amezeeka. Alinipa pole. Nilifunga kontena mchana kweupe nikaenda Jabe nyumbani kwa wazazi. Kamyo ilikuwa imeegeshwa kando ya ukuta, na Baba anaiosha kwa ndoo na kitambaa, anaosha hata ndani ya matundu ya rimu, kama mtu anayemwandaa maiti.

Sikukaa chini. Nilijua nikikaa sitasema.

"Baba, ile moshi haikuwa mazutu. Ni mi. Nilifungua visi kupita."

Hakugeuka. "Mizunguko ngapi?"

"Moja na nusu."

"Tulisemaka nusu."

"Ndiyo."

Akaendelea kuosha. Alimaliza rimu ile, akahamia nyingine, nami nimesimama tu, maji machafu yanapita kati ya viatu vyangu. Nilitaka anipige. Nilikuwa na miaka arobaini na minne na nilitamani kupigwa na baba yangu mbele ya majirani wote wa Jabe. Mwishowe akasema, bila kupandisha sauti, kwamba amekaa miezi yote ile akimwomba Mungu msamaha kwa ajili ya bidoni tatu, na sasa hajui Mungu alikuwa anasikia nini. Kisha akaniambia nilete spana.

Niliirudisha skrubu mbele yake, safari hii akihesabu kwa sauti, mpaka mahali ilipokuwa siku ya kwanza, chini hata ya ile nusu aliyoruhusu. Akataka niweke waya na kidonge kipya cha risasi. Nikaweka. Kwa gari ambalo haliendi popote. Alipoona nimekaza, akafunga boneti mwenyewe.

"Dimanshi utaenda we," akasema. "Utamwambia vile umeniambia mi. Usipunguze kitu."

Jumapili hiyo nilikwenda na unga na sabuni kama alivyokuwa anafanya. Bugarama kulikuwa na ukungu na baridi inayouma masikio. Nyumba yake iko mwendo wa dakika kumi kutoka barabarani, njia ya matope kati ya migomba, kila kilima pale kinateleza. Kinga iliyokunjika ilikuwa imetundikwa ukutani nje, hakuna aliyejaribu kuinyoosha. Alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, kofia nyekundu kichwani, suruali imekunjwa na kushonwa pale mguu unapoishia. Nilikuwa sijawahi kumwona uso kwa uso. Alinitambua kabla sijasema, akasema nina paji la uso la mzee. Akamwita mkewe alete kiti, alete chai, mtoto wa muzee amekuja.

Akauliza habari za Baba, kama anaumwa, maana hajazoea kumkosa. Nikasema yuko salama. Akaanza kumsifu Baba, jinsi anavyokuja mvua inyeshe isinyeshe, jinsi alivyokataa kuacha hata walipomwambia kosa si lake. Nilikuwa nimeshika kikombe. Kisha akanieleza siku ile, bila mimi kuuliza, nadhani aliieleza kwa kila aliyekuja.

"Wenzangu waliachia," akasema. "Moshi ilikuja, nikafunga macho. Ingekuwa kamyo ingine, na mi ningeachia. Lakini nilisema, hii ni ya muzee. Muzee hawezi kunifanya vibaya. Nikashika."

Nikaweka kikombe chini. Nikamwambia. Nilimwambia yote, skrubu, nusu tatu, mzee wa Uvira, wale waliopiga makofi, robo saa ambayo ingetosha, bidoni niliyoisingizia. Sikupunguza kitu. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya maharage, akabaki nayo mkononi.

 Yule mtu akavua kofia, akaikunja, akaikunjua.

"Muzee alikuwa anajua?"

"Apana. Yeye alisema nusu. Alisema kuna watu nyuma yake."

Akatikisa kichwa polepole, juu na chini, mara nyingi. Akarudisha kofia kichwani.

"Basi mi sikukosea," akasema. "Nilishika mahali pa kushika."

Kuhusu mimi hakusema neno. Tulimaliza chai. Nilipoaga, akamwambia mkewe ampe magongo yake, maana mgeni husindikizwa, na nilipomwomba abaki ndani hakunisikiliza. Tukatembea ile njia yote, yeye mbele, mimi nyuma, nikitazama magongo yanazama kwenye matope na kutoka. Barabarani kamyo ilikuwa inapita na wanaume watatu nyuma yake. Wakamwona, wakamwita, naye akainua gongo moja hewani kuwajibu.

Hapo ndipo alipoteleza kidogo. Nikamnyooshea mkono haraka. Akautazama, kisha akashika mti wa uzio.